Meno ya Tairi na Udongo wa Usambara

Katika milima ya Usambara, tairi la pikipiki huchaguliwa kwa kuangalia kipande kibaya kuliko vyote cha njia. Dereva anayetoka Lushoto mjini kwenda kitongoji cha juu ya Mlalo anaweza kupita kwenye lami, halafu moramu iliyoshindiliwa, halafu barabara ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na mwisho akakutana na mita mia mbili za mfinyanzi mwekundu uliolowa, kulia ukingo, kushoto korongo. Safari nzima ingeweza kufanywa kwa tairi lolote lile, isipokuwa hizo mita mia mbili. Hizo ndizo anazozinunulia tairi.

Nimewatazama kwa muda mrefu mafundi na madereva wa bodaboda wa Lushoto wakifanya uamuzi huo, na naamini ni moja ya kazi za akili zinazofanywa kwa ustadi mkubwa pale mjini, ingawa hufanywa kwa kuchuchumaa kando ya barabara, mikono ikiwa na grisi. Fundi mzuri hamtajii mteja bei kwanza. Humuuliza: "Kaka, unapita njia ya wapi? Unabeba nini?" Mpaka apate majibu hayo mawili, tairi zote zilizoning'inizwa dukani ni sawa kwake.

Swali la njia lina uzito kwa sababu ya nchi yenyewe. Mombo, chini kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu mita 1,400. Kati yao kuna kilomita 33 hivi za lami yenye kona nyingi, ikipitia Soni penye maporomoko ya maji, na kwa kipande hicho tairi la kawaida la barabarani linatosha kabisa. Mambo hubadilika ukienda mbele zaidi: Lukozi, Rangwi, Sunga hadi Mtae, au upande wa pili kuelekea Bumbuli na Mgwashi. Milima hii ni miamba migumu ya kale sana, na kuoza kwa miamba hiyo kumezaa udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Udongo huo ukikauka hushikana, ukabaki na unga mwembamba wa vumbi juu yake. Mvua fupi ikinyesha, ngozi ya juu hulowa na kulainika huku chini kukiwa bado kukavu na kugumu. Hapo ndipo panapoangusha watu wengi, maana macho yanaona barabara ileile ya asubuhi.

Pikipiki zinazopita humo ni zilezile za Tanzania nzima: Boxer, TVS na za Kichina za injini ya cc 125 au 150. Hazikutengenezwa kwa ajili ya milima. Nyingi hufika na rimu ya inchi 17 au 18, tairi la mbele la upana wa 2.75 na la nyuma la 3.00, na tairi hizo za kiwandani zimekusudiwa zaidi lami na barabara ngumu. Ukiwaona wataalamu wa kilimo au wa misitu wamepanda zile pikipiki ndefu zenye rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, kazi ya kuchagua ilikwisha fanywa na mtengenezaji. Dereva wa bodaboda hufanya kazi hiyo mwenyewe, kwa pesa yake, juu ya chombo kilichobuniwa kwa nchi tambarare, huku nyuma akiwa na gunia la viazi la lumbesa au mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Mtu asiyejua akitazama tairi la milimani huona meno. Fundi huona mapengo. Jino hushika ardhi, lakini pengo ndilo linalolipa jino nafasi ya kushika tena mzunguko unaofuata. Mfinyanzi wa Usambara hunata. Kama mapengo ni membamba, udongo huyajaza katika mizunguko michache, na tairi hugeuka gurudumu laini la tope, hata kama ni jipya kutoka dukani. Mapengo yakiwa mapana, tairi likizunguka huurusha udongo nje na jino likarudi chini likiwa safi. Ndiyo maana fundi anayechagua tairi la masika hupitisha kidole katikati ya meno kabla hajayapima urefu. Hutazama pia meno ya pembeni, kwa kuwa katika njia iliyoinama upande mmoja, kama zilivyo nyingi za huko, hayo ndiyo yanayouzuia mguu wa nyuma wa pikipiki usiteremke bondeni.

Lakini mapengo yana gharama yake, na kuijua gharama hiyo ni nusu ya ufundi. Mpira mchache unaogusa chini maana yake ni mshiko mdogo kwenye lami na kwenye mwamba. Meno marefu hupinda pikipiki inapokata kona ya lami kwa kasi, na dereva huhisi chombo kikiyumba chini yake. Kwenye joto la barabara ya Mombo huisha upesi, katikati kukawa bapa wakati pembeni bado kuzima. Kwa hiyo dereva ambaye kazi yake kubwa ni kushusha abiria Soni na Mombo, akipanda Magamba mara mojamoja, hushauriwa kuchukua tairi la katikati: vipande vipana vilivyokaribiana, mifereji ya kutosha kwa tope dogo. Anayelala Sunga na kushuka mjini siku za soko hupewa meno. Kila mmoja amepoteza kitu, na kila mmoja amekipoteza mahali anapoweza kukivumilia.

Kuna mjadala wa siku zote: mwenye pesa ya tairi moja tu lenye meno, alifunge wapi? Wengi huanza na la nyuma, kwa sababu ndilo linalosukuma, na pikipiki iliyogoma kupanda mlima inaonekana na kila mtu. Nakubaliana na wale wanaoanza na la mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, dereva mzoefu hupunguza mafuta, huweka mguu chini, akaendelea. La mbele likiteleza, hasa wakati wa kuteremka na breki ikiwa imekamatwa, muda wa kufanya chochote haupo. Tairi la mbele lenye mistari mirefu ya kuzunguka huongoza vizuri sana kwenye moramu kavu, lakini likiingia kwenye mfereji wa tope hufuata mfereji unakotaka kwenda. Na katika milima hii hakuna aliyepanda asiyekuja kuteremka.

Upana nao una hekima yake. Kijana akipata pesa hutamani tairi nene la nyuma, kwa kuwa linaipa pikipiki sura ya nguvu. Juu ya mchanga mnene, unene husaidia, maana tairi huelea badala ya kuzama. Juu ya tope jembamba lenye ardhi ngumu chini yake, ambalo ndilo tope la kawaida la Usambara, tairi jembamba lina faida: hukata ngozi ya juu na kufika pagumu. Zaidi ya hapo, tairi nene huacha nafasi ndogo kati yake na madigadi, tope likajazana humo hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ndiyo sababu utaona madigadi ya mbele yameinuliwa au yameondolewa kabisa kabla ya mvua.

Kisha unakuja upepo wa tairi, na hapa ustadi huonekana zaidi kwa sababu hauhitaji kununua kitu. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa gurudumu la nyuma limebeba kilo 150 na upepo ni pauni 30 kwa inchi ya mraba, sehemu ya tairi inayolala ardhini ni takribani sentimita za mraba 70, eneo linalokaribia kiganja bila vidole. Upepo ukipunguzwa hadi pauni 20, eneo hilo hufika kama sentimita za mraba 107. Nusu nzima imeongezeka, na meno mengi zaidi yameshika. Dereva anayeona ukungu mzito juu ya Shume huinama, akabonyeza valvu, akasikiliza.

Anasikiliza kwa sababu kupunguza sana kuna adhabu. Tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Likibeba mzigo mzito, hujikunja ubavuni na kupata moto. Na injini ikivuta kwa nguvu mlimani, tairi huweza kuteleza juu ya rimu na kuvuta tyubu pamoja nalo, hadi shina la valvu likakatika. Mafundi wa milimani wana kinga ndogo na safi: nati ya valvu haikazwi kwenye rimu, hupandishwa juu na kukazwa kwenye kifuniko. Valvu ikibaki huru, hulala upande kabla ya kukatika, na dereva anayetazama magurudumu yake asubuhi huiona imeinama, akajua tairi limetembea.

Jambo moja lilinifurahisha nilipolipigia hesabu. Tairi lililojazwa Mombo likipandishwa hadi Lushoto hukutana na hewa nyepesi zaidi, na geji ingepaswa kuongezeka kwa kama pauni moja na nusu. Lakini huko juu pia kuna baridi. Tofauti ya nyuzi 10 hupunguza karibu kiasi hichohicho. Mambo hayo mawili hufutana, na madereva wanaosema upepo wa Mombo haubadiliki Lushoto wako sahihi.

Upande wa kaskazini mlima hukatika ghafla, na njia za kutoka Mlalo huporomoka hadi tambarare za Mng'aro na Mnazi. Kule adui ni miiba ya migunga. Meno marefu hayazuii mwiba unaoingia kwenye pengo; kinachosaidia ni unene wa tairi lenyewe chini ya pengo, ndiyo maana fundi hulikunja tairi kwa mikono miwili kabla ya kulipendekeza. Anapoziba pancha, kazi haishii kwenye kiraka na solusheni. Hupapasa ndani ya tairi polepole, duara zima, akitafuta ncha iliyobaki. Fundi anayeruka hatua hiyo hupata wateja wawili kwa mwiba mmoja. Fundi wa heshima hapendi faida hiyo.

Ubavuni mwa tairi pana maandishi ambayo wanunuzi wengi huyapita. Alama ya 50P, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi limepimwa kubeba kilo 190 na kwenda hadi kilomita 150 kwa saa. Kwa mbeba viazi, namba ya kwanza ndiyo yenye maana. Tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka miaka kadhaa huwa na meno kamili na mpira uliokauka. Fundi hulibonyeza jino kwa ukucha. Likikataa kupokea alama, litateleza kwenye jiwe lililolowa, hata liwe halijawahi kugusa barabara.

Mpira wenyewe si mgeni katika milima hii. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, na mashamba ya mpira wa Manihot glaziovii yakaenea katika nchi ya Tanga hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Mti ule ulibaki, na majani yake tunayala hadi leo: kisamvu cha mpira. Hadi sasa viwanda vya tairi huchanganya mpira wa asili na ule wa kutengenezwa, pamoja na masizi ya kuuimarisha, kwa kuwa utomvu wa mti una sifa isiyopatikana kirahisi kwingine: hustahimili kuchanwa. Jino la tairi linalovutwa na jiwe kali njiani Mtae linaishi kwa sifa hiyo.

Ustadi huu una wajibu pia. Meno marefu yanayozunguka bila kusonga huchimba, na mfereji uliochimbwa mlimani huwa njia ya maji mvua inayofuata. Katika mashindano ya pikipiki ya enduro, shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, limeweka kikomo cha milimita 13 kwa meno ya tairi la nyuma, na kuilinda ardhi ni moja ya sababu. Lushoto inalijua jambo hili kwa uchungu wake: kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP ulifanya kazi ya miaka mingi kupambana na mmomonyoko wa udongo kwa matuta, majani na miti. Dereva aliyechagua tairi sahihi na upepo sahihi hupanda kwa gia ndogo bila kurusha udongo. Anayefunga cheni kuukuu kwenye tairi kipara hufika leo, na kuwaachia wenzake korongo.

Mafundi waliokomaa hupanga hata uchakavu wa tairi kwa kalenda. Huwashauri madereva wao wanunue meno mapya Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Wiki za kwanza juu ya ardhi kavu huliondolea tairi utelezi wa upya wake, nalo huingia kwenye tope likiwa na urefu wote. Mvua zinapokwisha, meno yamepungua, na meno mafupi ndiyo yanayofaa moramu ngumu ya kiangazi. Kwa hiyo tairi moja huwa na sifa mbili kwa wakati wake, na dereva hulipa mara moja. Anayejua kununua kwa namna hiyo amejifunza udongo, mvua, mpira na mfuko wake kwa pamoja, na vijana wanaoanza bodaboda Lushoto wangefaidika sana kama wangekaa kando ya fundi wa aina hiyo kwa msimu mmoja kabla ya kumpakia abiria wa kwanza.