Mikono ya Komarock Isiyoshindwa na Skrubu

Hapa mtaani Komarock mafundi huletewa pikipiki, na ugonjwa huwa uleule: kichwa cha skrubu kimelika, bisibisi inazunguka bure.

Chanzo mara nyingi ni bisibisi yenyewe. Skrubu za Kijapani zina msalaba wao, na bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai barabara ndani yake; ukikaza mkono, inaruka na kula kingo.

Mtazame fundi wa jua kali mbele ya kifuniko cha injini. Kwanza anadondoshea mafuta ya kulegeza kutu, kisha anasubiri. Anasimamisha bisibisi wima na kuigonga kwa nyundo, ili nyuzi zilizoshikana na aluminiamu ziachane. Ikigoma, tindo linawekwa ukingoni na kusukuma kichwa kinyume kwa vipigo vidogo. Dawa ya mwisho ni kuchomelea nati juu yake: spana inapata pa kushika, na joto limeshalegeza chuma. Nimeona skrubu iliyokataa asubuhi nzima ikitoka hivyo, laini kabisa.

Ninachokienzi zaidi ni kusubiri kule. Mwenye haraka huikata skrubu ndani, na hapo kifuniko kizima huenda kikaharibika. Hongereni, mafundi, malipo ya kazi hii hayafai kupunguzwa hata shilingi.