Kidole Gumba na Garimoshi

Kazi yote ya kantri hubebwa na kidole gumba. Kinagonga uzi mnene, kinahamia uzi wa jirani, kinarudi, na kila kikiinuka vidole vingine vinaparaza nyuzi nyembamba. Dum-cha, dum-cha. Aliyeketi pale ni mtu mmoja mwenye gita moja, nawe unasikia besi na ngoma. Johnny Cash alipoanza kurekodi Memphis miaka ya 1950 hakuwa na mpiga ngoma. Alipenyeza karatasi katikati ya nyuzi, zikakwaruza kama ngoma ndogo inayosuguliwa kwa brashi. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Nilikua nikidhani kantri ni muziki wa kutulia. Nyumbani Jim Reeves aliimba redioni Jumapili, mama akipiga pasi sare zetu, na hakuna aliyeinuka kucheza. Kisha Ijumaa moja, katika baa ya kando ya barabara Nakuru, nikamsikia mpiga gita aliyeanza na Don Williams, akaingia kwa Kenny Rogers, halafu akateleza hadi nyimbo za Kikuyu bila kusimama hata kupangusa jasho. Lugha ilibadilika, kidole gumba kikabaki palepale. Hapo watu wakajimwaga. Mwanamke mmoja akamshika mwenzake mabega, wa tatu akamshika wa pili, na mstari ukaanza kuzunguka meza. Ndiyo mugithi hiyo, na kwa Kikuyu neno hilo maana yake ni garimoshi.

Garimoshi hilo lina safari ndefu. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alikuwa mshika breki wa reli huko Mississippi hadi kifua kikuu kilipomtoa kazini. Alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, Tennessee, na kufikia 1933 alikuwa amefariki. Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis wa Kenya, na jina lake likageuka Chemirocha. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipokwenda kuwarekodi mwaka 1950 alikuta wasichana wakimwimbia kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakimwalika aje acheze.

Nawapenda sana wale wasichana. Walikuwa na sauti tu, iliyotoka ndani ya mashine, ya mtu aliyekwisha kuzikwa ng'ambo ya bahari, na walichotaka kutoka kwake ni miguu yake. Mimi, niliyekuwa na redio na picha za majalada, nilichukua miaka mingi kufika walikofika wao.

Usiku ule Nakuru nilijishika mwishoni mwa mstari. Sikujua hatua, wala hakuna aliyeniuliza. Nilipiga mguu chini pale gumba liliposhuka, nikauinua vidole vilipoparaza, na mabega yangu yakafanya yaliyotaka.

Mzunguko wa tatu, mzee mwenye mkongojo alijiunga mbele yangu. Mpiga gita alikuwa ameinamisha kichwa, macho yake yakipita chini ya ukingo wa kofia hadi sakafuni, kwenye miguu yetu. Gumba likapunguza mwendo, kidogo sana. Mbele kule waliendelea kuimba, na mkongojo wa mzee ukawa unashuka pamoja na uzi mnene, dum kwa dum.