Arobaini, Mafuta na Jeshi Lililokosa Kazi

Tarehe 7 Januari 1978 gazeti la Ettelaat la Tehran lilichapisha makala ya kumkashifu Ayatollah Khomeini, aliyekuwa akiishi uhamishoni Najaf, Iraki. Siku mbili baadaye wanafunzi wa dini waliandamana mjini Qom, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Hadi hapo hapakuwa na jipya. Shah Mohammad Reza Pahlavi aliwahi kuzima ghasia kubwa zaidi mwaka 1963. Jipya lilikuja na arobaini.

Msomaji wa pwani anaijua arobaini kwa kisomo na dua. Iran ya mwaka ule iliigeuza ratiba ya mapinduzi. Tarehe 18 Februari, siku 40 baada ya Qom, watu wa Tabriz walikusanyika kuwaombolezea waliouawa. Matanga yakageuka ghasia. Mabenki, majumba ya sinema na ofisi za Rastakhiz, chama pekee kilichoruhusiwa, zikashambuliwa, na watu wengine wakauawa. Zikahesabiwa tena siku 40, na mwishoni mwa Machi ikawa zamu ya Yazd na miji mingine. Mpango huu haukuhitaji kamati kuu wala vipeperushi. Kila mtu alijua tarehe na msikiti wa kwenda, na serikali isingeweza kuwakataza watu kuwasomea wafu wao bila kujifedhehesha. Kila risasi iliyopigwa iliitisha mkutano wa mwezi uliofuata.

Hata hivyo, matanga peke yake hayamng'oi mfalme. Kufikia Juni mzunguko ulikuwa umepungua kasi, na baadhi ya maulamaa wenyewe waliwasihi watu waomboleze majumbani. Wengi wakisimulia mapinduzi haya hukimbilia kaseti za hotuba za Khomeini zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Kaseti zilikuwapo, ndiyo, na zilisaidia, ila nadhani zinasifiwa kupita kiasi. Kiti kilianza kulegea pale watu walipoacha kufanya kazi.

Tarehe 8 Septemba askari waliwapiga risasi waandamanaji katika Uwanja wa Jaleh, Tehran, saa chache baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa, na wengi waliokuwa pale hawakuwa na habari nayo. Kesho yake wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tehran waligoma. Oktoba mgomo ukafika visima vya Khuzestan. Uzalishaji uliokuwa karibu mapipa milioni 6 kwa siku ukashuka hadi kama milioni moja na nusu. Novemba Shah aliunda serikali ya kijeshi chini ya Jenerali Azhari, askari wakapelekwa kwenye mitambo, mafuta yakaanza kutoka tena kidogo. Desemba yakakatika upya. Bunduki humrudisha fundi kazini, lakini ajuaye valvu ipi ifungwe ni yeye fundi.

Mgomo ulikuwa na ufundi wake. Watu wa umeme walizima taa saa ya taarifa ya habari ya usiku. Watu wa forodha walizuia mizigo, wakaacha dawa na chakula cha watoto vipite. Nchi ilipoanza kupanga foleni za mafuta ya taa, Khomeini, ambaye wakati huo alikuwa katika kijiji cha Neauphle-le-Château nchini Ufaransa, alimtuma mwanasiasa wa upinzani, Mehdi Bazargan, kwenda visimani kuwaomba wafanyakazi wazalishe ya kutosha matumizi ya ndani tu. Wakakubali. Shah alikuwa bado ikulu, na tayari kuna mtu mwingine anayeamua mapipa mangapi yatoke ardhini. Kwangu mimi, hapo ndipo utawala ulipohama.

Shah naye alikuwa akiyumba. Leo anawaachia wafungwa, kesho anatangaza amri ya kijeshi. Alikuwa na saratani aliyoificha, tena hakutaka kubaki madarakani kwa mauaji ya halaiki. Tarehe 16 Januari 1979 aliondoka, akimwacha Shapour Bakhtiar kama waziri mkuu.

Likabaki jeshi la watu kama 400,000, lililojengwa kupigana na majirani. Sehemu kubwa ya askari wake walikuwa vijana wa mujibu wa sheria, ndugu wa hao hao walioandamana kwa mamilioni siku za Tasua na Ashura mwezi Desemba. Waandamanaji waliwatia maua kwenye mitutu, na utoro ukaongezeka. Usiku wa 9 Februari mafundi wa jeshi la anga katika kambi ya Doshan Tappeh waligongana na walinzi wa kifalme. Raia wakaja kuwasaidia, ghala la silaha likafunguliwa, bunduki zikagawiwa mitaani. Bakhtiar alipotangaza amri ya kutotoka nje kuanzia alasiri ya tarehe 10, Khomeini aliwaambia watu watoke, nao wakatoka. Siku iliyofuata wakuu wa majeshi walitangaza kwamba hawaegemei upande wowote, wakaamuru askari warudi kambini. Bakhtiar akajificha, kisha akaibukia Paris.