Podikasti ya biashara: kila wiki ao kwa msimu?

Bandugu, nianze na kosa yangu mwenyewe. Mwaka uliopita, mimi na mwenzangu moja tulianzisha podikasti ya biashara hapa Lubumbashi. Kila mahali shauri ilikuwa ile ile: toa epizodi kila wiki, hata kama ni fupi, juu ukiruka wiki moja, wasikilizaji wanakukimbia. Tuliamini. Siku ya tatu tunatafuta mtu, siku ya tano tunarekodi na telefone, posho tunatoa.

Mu epizodi ya 7 tuliongea na mama moja anayeuzisha bunga ku soko ya Kenya. Alitueleza namna anafuata bunga Kasumbalesa, bei ya mfuko kule, bei ya huku. Mama anajua kusema, tukafurahi, tukatoa. Hatukurudi kumuuliza gari inakula ngapi, mifuko mingapi inalowana wakati ya mvua, na kama kila mwezi unapata faida ile ile. Posho ilikuwa imefika.

Kisha mdogo wangu, binti wa mama mdogo, akapata zamu yake ya likelemba, akaingiza franga zote mu biashara ile. Siku moja akanipigia: « Yaya, mulisema faida iko. Sasa mbona mi nimebakia na deni? » Sikukuwa na jibu.

Toka siku ile njo nilianza kusikiliza podikasti za biashara na sikio ingine. Nilirudia StartUp, ya Mmarekani Alex Blumberg, juu ilipangwa kwa misimu. Msimu wa kwanza, mwaka 2014, una swali moja tu: mtu wa redio anaanzishaje kampuni yake ya podikasti, Gimlet? Mu epizodi ya kwanza unamsikia akijieleza vibaya kabisa mbele ya tajiri Chris Sacca. Mtu wa kila wiki angeishia pale, angecheka, angeenda kutafuta mgeni mwingine. Blumberg anabaki. Epizodi inayofuata inakuta hesabu imebadilika, na ingine tena. Msimu wa pili, 2015, unafuata kampuni ya wengine, Dating Ring, inayounganisha watu wanaotafuta wachumba. Pale tunasikia namna pesa ya wawekezaji inakataa kuja, na wenye kampuni wanajiuliza kama kweli wanataka kuendelea namna ile. Jambo kama hilo halisemwi mu mazungumzo ya siku moja.

Lakini tusiige yote. StartUp inauliza sana: nani atanipa mtaji? Huku kwetu mtaji wa wengi ni likelemba, ni mjomba, ni kiwanja kilichouzwa, na yule anayekupa anakaa jirani yako. Tena, mu msimu wa kwanza Blumberg anasimulia kampuni yake mwenyewe. Anajitoa makosa, ni kweli, lakini mwenye duka akipima na mizani yake, mteja anapaswa kuangalia mara mbili. Na msimu si dawa ya kuponyesha biashara: Spotify ilinunua Gimlet mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaivunja ndani ya kazi zake zingine.

Kukaa na swali moja si kitu cha kuazima Marekani. Mwaka 1986, Groupe Mufwankolo wa hapa mjini walichukua msemo moja juu ya mamlaka kuliwa nzima, wakaugeuza mchezo wa televisheni. Johannes Fabian aliandika kazi ile mu kitabu chake cha 1990, Power and Performance. Kinachonipendeza mule ni wachezaji kubishana kwanza: msemo huu maana yake nini hasa? Mchezo ukatoka mu mabishano yale. Shiye na podikasti yetu hatukubishana hata siku moja. Tulikuwa tunakimbiza posho.

Wengine watasema msimu ni jina nzuri ya uvivu. Wako na haki kidogo. Ni wangapi waliosema « tutaonana msimu wa pili », mpaka leo kimya? Na kuna kazi inayodai kila wiki, hata kila siku: bei ya mfuko, bei ya dola. Ile ni habari, inaoza mbio. Ila kumwambia kijana « fanya biashara hii » si habari. Ni shauri, na shauri inakula franga za watu.

Biashara yenyewe iko na misimu. Mahindi yakitoka shambani, toka mwezi wa nne ao wa tano, bunga inashuka. Mvua ikiwa katikati, mwezi wa kwanza ao wa pili, akiba imeisha, bunga inapanda. Mama wetu tulimkuta siku moja, mu mwezi moja mzuri. Hakudanganya. Shiye njo tulichukua siku moja tukaifanya mwaka mzima.

Kwa hiyo tumepanga upya. Epizodi sita, swali moja: mu mfuko moja wa bunga, nani anabakia na nini, toka mavuno mpaka mvua kubwa? Tutarekodi nne kabla ya kutoa ya kwanza, na tutasema toka mwanzo siku ya kumaliza. Kila namba, tutairudisha kwa mwenyewe aihakikishe.

Nilipomrudia mama ku soko, alicheka: « Mwanangu, ile siku haukuniuliza juu ya mvua. » Mdogo wangu naye amekubali kuja mu epizodi ya 4, na kaye yake ya hesabu. Aliniwekea sharti moja: tusome ukurasa wa deni wote, tusiruke hata mstari.