Asilimia 99 ya kwenye karatasi, na mama wa sombe

Bandugu, sasa agronomia nayo imeingia mambo ya mitandao ya neva: unapiga picha ya jani, simu inakutajia ugonjwa. Mi siko na shida na hiyo. Shida yangu ni sentensi moja fupi ambayo watu wanaandika haraka halafu wanapita: "data iligawanywa 80 kwa 20". Iligawanywa na nani? Kwa kufuata nini?

Tuchukue kazi inayotajwa sana, ya Mohanty, Hughes na Salathé, 2016. Picha 54,306 za PlantVillage, mazao 14, magonjwa 26, majibu sahihi asilimia 99.35. Tuseme ukweli, walifanya kitu kizuri. Jani moja lilipigwa picha mara nyingi, na pale walipoweza kulitambua walihakikisha picha zake zote zinakaa upande mmoja: ama kufundisha, ama kupima. Ukiacha kompyuta ichanganye tu kama karata, jani la mafunzo linarudi kwenye mtihani. Ni kama mwanafunzi amepewa maswali usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini wenyewe waliandika kwamba kwa picha zilizopigwa katika hali nyingine, matokeo yalianguka mpaka asilimia 31 na kidogo. Juu ya nini? Mwaka 2022 Noyan alichukua pikseli 8 tu za nyuma ya picha, bila jani, na mashine ikapata asilimia 49. Kubahatisha kungetoa chini ya 3. Maana yake nyuma ya picha palitaja ugonjwa kabla jani halijasema kitu. Kwa hiyo kugawanya kwa jani hakutoshi.

Kwa muhogo wetu ni vile vile. Ramcharan na wenzake, 2017, walitumia picha za mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, Tanzania, wakapata asilimia 93. Mwaka 2019 waliweka modeli ndani ya simu, na kwa picha za kweli kipimo cha F1 kilishuka kwa asilimia 32 hata pale dalili zilikuwa wazi. Heshima kwao, hawakuficha.

Njo nasema: gawanyeni kwa mkono, na kwa shamba. Mashamba ya watu wa Mangobo na Kabondo yafundishe, ya Lubunga, ng'ambo ya mto, yapime. Tenga pia aina ya muhogo, msimu, hata simu iliyopiga picha. Asilimia itashuka. Ishuke!

Ila mkono nao unaweza kuiba. Ukichagua picha nzuri nzuri za kupimia, umejidanganya zaidi ya kompyuta. Andika kanuni kabla ya kuona matokeo, tenga fungu la tatu la kurekebishia modeli, na fungu la kupimia lifunguliwe mara moja tu.

Hii si mambo ya jury peke yake. Mama wa Mangobo akiambiwa na simu kwamba muhogo wake ni mzima, atakata miti ya kupanda pale pale, atagawia na jirani. Mosaiki inasafiri ndani ya ile miti. Msimu ujao hakuna mihogo ya maana, na asilimia 99 haipikwi.

Ukisoma tena "80 kwa 20", uliza swali moja: mashamba mangapi?