Safu na Matabaka: Ulinganishi wa Mitindo ya Utendaji ya Vikosi vya Bendera katika Mashindano ya Ngoma na Tarumbeta Nchini Marekani

Jina la Kiingereza la kikosi kinachojadiliwa katika sehemu hii lina neno ambalo katika mazungumzo ya kawaida humaanisha rangi. Mfasiri mwenye haraka angeweza kukiita kikosi cha walinzi wa rangi, na angekuwa amepotoka, kwa kuwa katika lugha ya kijeshi neno hilo lilitaja bendera. Walinzi wake walikuwa askari waliopewa jukumu la kuhakikisha kwamba bendera haianguki wala haitekwi. Kwa sababu hiyo, istilahi inayotumika hapa ni kikosi cha bendera. Hata hivyo, upotofu wa mfasiri huyo una ukweli fulani ndani yake. Katika mashindano ya leo bendera ya taifa si tena kiini cha onyesho. Mahali pake pamechukuliwa na vitambaa vyepesi ambavyo hubadilishwa mara kadhaa ndani ya muda wa dakika kumi na mbili hivi, ili uwanja upate rangi inayodaiwa na muziki. Mlinzi amegeuka mchoraji. Swali la uhakiki huu ni mchoraji huyo anachora kwa namna gani, na ni kitu gani kinachoifanya namna moja ihesabiwe kuwa na thamani kuliko nyingine.

Mashindano yanayohusika ni yale ya Drum Corps International, ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Washiriki ni vijana, na umri wao una kikomo kilichowekwa na kanuni. Kikosi kizima kina watendaji zaidi ya mia moja: wapigaji wa ala za shaba, wapiga ngoma, na kikosi cha bendera ambacho kwa kawaida huwa na watu kati ya thelathini na arobaini. Hakuna zumari wala filimbi. Kikosi cha bendera hakipigi ala yoyote. Nyenzo zake ni bendera zenye mlingoti wa takriban mita 1.8, bunduki za mbao zisizofyatuka, vitara butu, maleba na mwili.

Tofauti ya mitindo ya vikosi hivi huelezwa mara nyingi kama tofauti ya zamani na sasa: zamani gwaride, leo dansi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Santa Clara Vanguard ya California ilikuwa ikicheza mchezo wa chupa, uliochukuliwa kutoka tamthilia ya muziki ya Fiddler on the Roof, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo kanuni za mashindano bado zilinuka kambi ya jeshi. Kwa upande mwingine, maonyesho ya karne hii yaliyojaa dansi bado yana nyakati ambapo bunduki zote huruka kwa pamoja. Kinachotofautisha mitindo ni jinsi kila mmoja unavyoligawa jicho la hadhira. Katika mtindo utakaoitwa hapa mtindo wa safu, watendaji wote hutenda tendo moja kwa wakati mmoja, na hadhira hutazama kitu kimoja. Katika mtindo wa matabaka, matendo mawili, matatu au zaidi huendelea sambamba katika sehemu mbalimbali za uwanja, na kila mtazamaji hulazimika kuchagua.

Mtindo wa safu ulipata mmojawapo wa mifano yake bora kwa 27th Lancers wa Revere, Massachusetts, kikosi ambacho hakikuwahi kutwaa ubingwa lakini kilishika nafasi ya pili mwaka 1980, mwaka uleule ambao kilitumbuiza katika Olimpiki za majira ya baridi huko Lake Placid. Miongoni mwa wabunifu wake alikuwamo George Zingali, ambaye jina lake sasa limepewa tuzo ya kikosi bora cha bendera. Ili kuelewa nguvu ya mtindo huu, inafaa kulitazama tendo lake la msingi, yaani kurusha bunduki. Mtendaji huirusha bunduki yenye urefu wa karibu mita moja ikizunguka hewani mara nne, tano, au zaidi, kisha huidaka kwa mikono miwili. Akiwa peke yake, hiyo ni sarakasi. Wakiwa ishirini, tendo hilo hubadilika asili. Hadhira haitazami tena mikono. Inatazama mstari wa mbao ulioning'inia juu ya vichwa, na inasubiri. Kisha husikika mshindo mmoja wa viganja kupiga mbao, na mshindo huo huwa sehemu ya muziki ingawa haukuandikwa kwa ala yoyote. Msomaji aliyewahi kutazama halaiki katika sherehe za Uhuru anaijua hisia hii. Mtu mmoja anayeinua mkono ni mtu anayeinua mkono. Mia wakifanya hivyo kwa sekunde moja ni kauli.

Kauli gani? Hapa ndipo mtindo wa safu unapohukumiwa isivyo haki. Wapo wanaousoma kama utii mtupu, masalia ya askari ambayo sanaa ilipaswa kuyavua. Usomaji huo unasahau kwamba kufanana kwa watendaji wengi ni jambo linalotungwa, tena kwa gharama kubwa. Watu thelathini hawana urefu sawa wa mkono wala kimo sawa, hivyo ili pembe za bendera zilingane kwa mtazamaji aliye juu jukwaani, kila mmoja hutakiwa kutenda tofauti kidogo na jirani yake. Kufanana huko ni matokeo ya tofauti zilizosawazishwa. Katika utendaji kama huo fanani ni kikosi, na mtu mmoja mmoja anakubali kutoonekana ili kitu kingine kionekane.

Mabadiliko mawili yaliufungulia njia mtindo wa pili. La kwanza ni la kanuni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaji walihesabu makosa na kuondoa sehemu ya alama kwa kila kosa. Chini ya utaratibu huo mbunifu mwenye busara hakuwa na sababu ya kujaribu jambo asilokuwa na hakika nalo. Utaratibu huo ulipoachwa katikati ya muongo huo, alama zilianza kujengwa badala ya kubomolewa, na kuthubutu kukapata malipo. La pili ni kuanzishwa kwa Winter Guard International mwaka 1977, taasisi inayosimamia mashindano ya ndani ya ukumbi wakati wa majira ya baridi, ambako vikosi vya bendera hutumbuiza peke yao kwa muziki uliorekodiwa. Ukumbini hadhira iko karibu. Uso unaonekana, vidole vinaonekana, na mtendaji hana wapiga tarumbeta wa kujificha nyuma yao. Mafunzo ya baleti na ya dansi ya kisasa yakawa mahitaji ya lazima, na kila kiangazi yalirudi uwanjani pamoja na watendaji walewale.

Hakuna kikosi kilichovuna mabadiliko hayo kama Blue Devils wa Concord, California, kikosi chenye mataji mengi kuliko vingine vyote katika historia ya mashindano haya. Mwaka 2010, katika onyesho lao lililoitwa Through a Glass, Darkly, walileta vioo uwanjani. Uamuzi huo unaweza kusomwa kama muhtasari wa nadharia yao nzima ya utendaji. Kioo humwongezea mtazamaji kitu cha kutazama bila kuongeza mtendaji, na humpa kila aliyeketi mahali tofauti taswira tofauti. Hakuna watu wawili walioketi mbalimbali wanaoweza kusema kwamba waliona onyesho moja. Mwaka 2014, katika Felliniesque, kikosi hichohicho kilijenga ulimwengu wa filamu za Federico Fellini na kupata alama 99.65, ambazo ni za juu kabisa kuwahi kutolewa katika fainali. Mantiki ya onyesho hilo ni ya filamu: jicho linarushwa kutoka kisa hadi kisa kama vile mhariri amekata mkanda. Mtendaji wa kikosi cha bendera ana tabia yake, mwendo wake, na mara nyingi maleba yake. Anaporusha kitara, anakirusha kama mhusika, na mhusika anaruhusiwa kuchoka, kudharau, au kutongoza hata wakati kitara kiko hewani.

Ulinganishi unakuwa na mashiko zaidi Felliniesque inapowekwa kando ya Frameworks ya Cavaliers wa Rosemont, Illinois, iliyopata alama 99.15 mwaka 2002, ambazo wakati huo zilikuwa za juu kuliko zote. Frameworks haina mhusika wala kisa. Somo lake ni umbo: mistari, pembe na fremu zinazozaana na kumezana kwa kasi ambayo bado inashangaza, katika ubunifu wa mwendo wa Michael Gaines. Kikosi cha bendera kimefumwa ndani ya maumbo hayo, na mtu akijaribu kumfuata mtendaji mmoja pekee anapoteza maana, kwa sababu maana iko katika jumla. Inafaa kuongeza kwamba kwa miongo mingi Cavaliers, kama Madison Scouts wa Wisconsin waliotwaa ubingwa mwaka 1988, walikuwa kikosi cha wanaume watupu. Jambo hilo lina uzito wa kimtindo ambao wahakiki huupita haraka. Mtindo wa matabaka hutegemea sana majukumu ya kijinsia, yaani bwana na bibi, mtongozaji na anayetongozwa, kwa kuwa ndiyo njia fupi zaidi ya kumtambulisha mhusika kwa mtu aliyeketi mbali. Safu ya wanaume thelathini wanaopeperusha hariri kwa upole haina njia hiyo fupi, na pengine ndiyo maana upole wao ulikuwa mgumu kusahaulika.

Si kila kikosi kinakaa sawasawa katika upande mmoja. Mwaka 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, waliigiza uasi wa watumwa katika Spartacus na kuwashinda Blue Devils kwa tofauti ya alama 0.025. Lilikuwa onyesho la kitamthilia, lenye wahusika na vifo. Lakini kilele chake kilitumia mantiki ya safu: mtendaji mmoja baada ya mwingine, wakiwamo wapiga tarumbeta, alidai kwa sauti kuwa yeye ndiye Spartacus. Wahusika walikuwa wakijiondolea uhusika wao mbele ya macho ya watu, na matabaka yakajikunja yakawa mstari mmoja. Si sahihi kudai kwamba dakika hiyo peke yake ndiyo iliyoleta ushindi. Inatosha kuona kwamba onyesho lililotegemea mtindo mmoja lilihitaji kuazima kutoka mtindo mwingine lilipofika mahali pake pazito.

Karatasi ya alama, kwa upande wake, haioni mitindo. Kikosi cha bendera hupimwa kwa alama 20, ambazo zikiingizwa katika jumla ya 100 huhesabiwa kuwa 10. Karatasi ina visanduku viwili vyenye uzito sawa: kimoja cha kilichotungwa, kingine cha jinsi kilivyotekelezwa. Yeyote aliyesoma fasihi ya Kiswahili atatambua hapa ule mgogoro wa zamani wa fani na maudhui, na mfano wa chai na kikombe uliotumika kuutetea utengano wao. Tatizo ni lilelile. Katika mtindo wa matabaka visanduku viwili vinatenganika kwa urahisi: jaji anaweza kuorodhesha majukumu ya mtendaji, yaani miguu inafanya hiki, kiwiliwili kile, kitara kiko hewani, uso unasema neno la nne, kisha akauliza kama yote yalifanyika vema. Katika mtindo wa safu utengano huo unavunjika. Bunduki ishirini zinazodakwa kwa mshindo mmoja ni tendo jepesi kuandikwa na gumu kutendwa, na usawa wa kudakwa kwake ndio utunzi wenyewe. Ukiuhesabu katika kisanduku cha utekelezaji peke yake, kisanduku cha utunzi kinabaki karibu kitupu.

Kwa hiyo mbunifu wa mtindo wa safu anaingia uwanjani akiwa na deni. Hakuna kanuni inayomkataza, na hakuna jaji anayemchukia. Ni kipimo chenyewe kinachohesabu wingi wa majukumu kwa wepesi kuliko kinavyohesabu utulivu, na wabunifu, ambao ni watu werevu, wamejifunza kutunga kile kinachohesabika. Vikosi vingi vya daraja la juu sasa hutunga kwa matabaka. Vingine hufanya hivyo kwa kipaji kikubwa, na itakuwa ubahili kukataa kwamba Blue Devils wameipanua sanaa hii. Vingine vimebaki na shughuli nyingi tu: watendaji wanaokimbia kutoka kifaa hadi kifaa, kila mmoja akiwa na tabia ambayo hadhira haikupewa muda wa kuijua.

Suala la ushahidi linahitaji neno moja kabla ya uchambuzi wa maonyesho binafsi. Watafiti wengi huyafahamu maonyesho haya kwa njia ya video, nayo iko ya aina mbili. Kamera moja iliyowekwa juu huonyesha uwanja wote, na huutendea haki mtindo wa safu. Kamera nyingi zilizohaririwa huchagua kwa niaba ya mtazamaji, na kwa hiyo huutatulia mtindo wa matabaka ule ugumu uliokusudiwa kumkabili aliyeketi uwanjani. Bunduki iliyoanguka katika safu huonekana na uwanja mzima, na mtendaji husimama mikono mitupu ndani ya mstari ambao hauwezi kumsubiri. Katika matabaka bunduki hiyohiyo huanguka karibu na mwenzake anayecheza jambo lingine, ambaye huenda akaipita kana kwamba ilikusudiwa kuwa hapo, na kamera ya karibu wakati huo iko kwenye uso wa mtu mwingine kabisa.