Faraja ya Yatima na Machozi ya Bibi: Kuipima Njia ya Humuliza

Humuliza ni neno la Kihaya, maana yake kufariji. Mradi wenye jina hilo ulianza Nshamba, wilayani Muleba, mwaka 1997, kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi. Wakati huo UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umekwisha kuwaacha watoto wengi mikononi mwa wazee. Twaupima mradi huu kwa sababu watumishi wa Karagwe na Kyerwa wanao watoto wa namna hiyo katika madarasa ya kipaimara, na kwa sababu njia yake yatushitaki.

Maana sisi tumezoea kumnyamazisha mtoto. Twamwambia mama yake yuko kwa Bwana, twamwekea mkono kichwani, twaomba, twaondoka. Yeye abaki kupita kila siku kando ya kaburi lililo kibanjani, aendapo kuchota maji, wala hakuna aliyemwuliza neno. Humuliza iliwafunza walimu na walezi kusikiliza kwanza: mtoto achore, acheze, asimulie, na mtu mzima asiharakishe kutoa jibu. Hilo twalisifu bila kusita. Mchungaji asiyeweza kukaa kimya mbele ya mtoto bado hajaanza kumfariji.

Lakini tuna shaka moja, nayo si ndogo. Katika njia hii mtu mzima huonekana hasa kama mlezi wa kufundishwa amsaidie mtoto. Je, yule bibi aliyemzika binti yake, kisha mkwewe, kisha akakabidhiwa wajukuu wanne? Machozi yake yasikilizwe na nani? Waasisi wenyewe waliligusa jambo hili: mwaka 2003 huko huko Nshamba ukaanza mpango wa Kwa Wazee, unaowapa wazee pensheni ya kila mwezi. Ni jambo jema, kwani asiye na chumvi wala sabuni hana nafasi ya kuomboleza. Hata hivyo fedha si sikio.

Hatua zaidi twaiona katika utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, ukatangazwa mwaka 2020. Ulihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi. Washauri hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walezi walikuwa na kikao chao sambamba na cha watoto, kisha mlezi na mtoto wakakutanishwa. Msiba ulihesabiwa kuwa wa wote wawili.

Sisi tulipaswa kulijua hilo kutoka kitabu cha Ruthu. Naomi alirudi Bethlehemu amefiwa na mume na wana wawili, akataka aitwe Mara, akamnung'unikia Mwenyezi waziwazi, na hatusomi kwamba wanawake wa mji walimkemea. Katika sharika zetu angekemewa kabla ya kuketi. Twapendekeza basi kwamba wanafunzi wetu, waendapo kwa mazoezi ya uchungaji, wamtembelee bibi na mjukuu katika ziara moja, wamwulize bibi kwanza habari za marehemu, mtoto akiwapo na akisikia.